Pawapointi ilinigomea, utani ukaniletea risiti

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo maana juzi nimeona tena mtu wa semina anafundisha jinsi ya kushawishi wenzako kazini, eti ongea kwa takwimu, simama wima, mtazame mtu machoni. We mtazame machoni dereva mwenye umri wa baba yako halafu uone kama atakuletea risiti.

Mimi ni mhasibu kampuni ya malori hapa Dar, gari zetu zinapiga Tunduma na Kahama. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni risiti za mkono, zile za kuandikwa kwa kalamu, hazitoki kwenye mashine ya TRA. Gari ikiharibika njiani dereva ananunua spea, muuzaji anamuuliza lile swali tunalolijua wote, "na risiti au bila risiti?" Bila risiti laki moja, na risiti ya mashine laki na elfu 18. Dereva anachukua ya laki, anarudi kifua mbele kaiokolea kampuni hela. Kumbe ile elfu 18 ni VAT, tunaidai TRA kwenye ritani ya kila mwezi, ile ya tarehe 20, halafu ile laki isiyo na risiti ya EFD, yaani ya hiyo mashine, ikikataliwa kwenye hesabu za mwaka inapigwa kodi asilimia 30, elfu 30 imeondoka hivi hivi unaiona.

Basi nikafuata ya semina. Pawapointi, chati za rangi, madereva kwenye mabenchi ya gereji, jua kali. Namaliza, kimya, mmoja ananyoosha mkono, "samahani mhasibu, mama ntilie wa Makambako nae ana mashine?" Walicheka hao! Bosi nae akaingilia kwa staili yake, tangazo ukutani, asiye na risiti anakatwa mshahara. Hiyo ndo iliharibu kabisa maana wakaanza kuleta risiti za mashine kweli, nikapokea moja imeandikwa sabuni na pampasi, mwenyewe kakaza uso anakwambia hiyo ni feni belti.

Sasa hapa ndo pa kunisifia. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, na mzee ambae madereva wote wanamsikiliza ni Msukuma, mtani wangu kabisa, makabila yetu yanataniana. Nikamsubiri asubuhi pale kwenye chai na chapati, mbele za watu, nikamwambia mtani nyie si ndo mnahesabu ng'ombe mia usiku wa giza hata ndama hapotei, imekuwaje karatasi moja ikupotee kutoka Mbeya? Akanijibu nyie Wazaramo hela zote mnamalizia kwenye ngoma, risiti unataka ukaezekee? Pakawaka. Tukaishia kuwekeana faini, akirudi bila risiti ananinunulia kuku, akileta zote kuku nanunua mimi. Mzee hakubali kumlisha Mzaramo hata kwa dawa! Akawa anawapigia simu wenzake wakiwa njiani, "umechukua risiti? usinitie aibu kwa huyu mtani." Kuku nimenunua, sikatai, kama elfu ishirini na kitu kila mwezi, kodi tuliyookoa haifanani na hizo kuku.

Ila angalieni, risiti isiyo na TIN ya kampuni, namba yetu ya mlipakodi, haikusaidii, nilichapisha stika ndogo zenye TIN na VRN, namba ya usajili wa VAT, tukabandika kwenye dashibodi, dereva anaipiga picha anamwonyesha muuzaji basi.

Vijana wa gereji utani hauwaingii, wale ni nipe nikupe, risiti zikifika Alhamisi ovataimu yao naipitisha Ijumaa. Dada wa stoo nilimuuliza tu yeye angefanyaje, akanipangia mafaili ya kila gari, mimi nisingewaza. Na bosi usimpelekee hadithi, nilimwagia mezani bahasha ya risiti za mkono za mwezi mzima na karatasi moja yenye jumla ya kodi, tangazo akalibandua mwenyewe. Kwa hiyo takwimu zina mtu wake, tatizo la wale wa semina ni kumpa kila mtu dawa ileile.

Mama ntilie tulimalizana nae kwa vocha ya ofisi, karatasi ya malipo tu, dereva anasaini, hela ndogo ile.

Waliobaki wagumu ni watu wa mauzo, mkuu wao Mchaga na mimi kwake sina mlango. Ila msaidizi wangu ni Mpare, mtani wa Wachaga, nimemtuma toka Jumatatu, nasikia huko vicheko tu na tayari kashaleta bahasha ya kwanza.