Matembele ya Foshan

Leo nimekula matembele. Si Tanga wala Kariakoo, ni Foshan, mji wa vigae pembeni mwa Guangzhou, tena mezani kwa mtu ninayetaka anipunguzie bei.

Asubuhi yote tulikuwa kiwandani. Nimepelekwa kwenye tanuri refu, unatembea kando yake mpaka miguu inalalamika. Vigae vinaingia huku vibichi, vinatokea kule vimeiva kama mikate. Nikavigonga kwa kidole kimoja kimoja nisikie mlio, kama fundi wangu alivyonifundisha. Halafu tukakaa kwenye bei, na hapo ndipo tulipokwama. Mwenye kiwanda, mama wa rika langu, akasukuma kikokotoo pembeni. Mkalimani wangu, kijana wetu anayesoma Guangzhou, akaniinamia: "Mama, anasema tukale kwanza."

Mimi nimelelewa dukani. Nikajua hapa nalainishwa. Ukishakula cha mtu, unaanzaje kumkazia?

Nikakalishwa kulia kwake, kwenye meza ya duara yenye kioo cha kuzunguka. Ikaja chai ya moto, nikainua kikombe ninywe. Kumbe ile ya kwanza ni ya kusuuzia vyombo! Kila mtu anazungusha chai kwenye kikombe na bakuli lake, kisha anaimwaga. Nikajifanya nilikuwa nanusa. Ya pili ndiyo ya kunywa, na ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao.

Nguruwe hakuwepo mezani. Yule mama alishamuuliza kijana tangu jana mimi nakula nini, na hilo lilinigusa kuliko vyakula vyote vilivyokuja. Wenzake walipoinua vile viglasi vya pombe kali wakisema "ganbei", mimi nikainua chai, na hakuna aliyenikodolea macho. Samaki akaja mzima, wa mvuke, na tangawizi yake. Wakamzungusha mpaka kichwa kikanielekea mimi. Kijana akasema hiyo ni heshima ya mgeni.

Ndipo likapita sahani la mboga. Nikaijua kabla haijanifikia: majani yale yenye umbo la moyo, na vile vikonyo vilivyomenywa nyuzi. Matembele! Yamekaangwa na kitunguu saumu tu, bado ya kijani kabisa. Nikacheka peke yangu, nikajipakulia mara mbili, mara ya tatu nikaona haya.

Yule mama akasema kitu, kijana akasita kutafsiri. Nikamwambia sema tu. "Anasema zamani kwao majani haya walilishwa nguruwe. Siku hizi watu wanayalipia hotelini." Meza nzima ikacheka, na mimi nikiwemo. Nikamwambia kwetu tunayaunga kwa nazi. Akauliza, nazi ya kunywa? Basi nikaacha vijiti, nikaanza kukuna kwa mikono mitupu hewani, nikakamua tui zito nikaliweka kando la kutia mwisho, kisha nikakamua tui la pili. Alinifuatilia makini kuliko nilipokuwa nazungumzia kontena.

(Jana usiku nilikuwa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Afrika, nikala kwa Wauyghur, Waislamu wa magharibi mwa China, pilau lao la karoti na nyama ya kondoo. Wana sambusa pia, zinaokwa. Nzuri, lakini kule nilikwenda nikitafuta cha kwetu. Haya matembele yamenijia yenyewe.)

Tuliporudi ofisini bei haikushuka hata senti. Akaniongezea maboksi ya kufidia vigae vitakavyovunjika njiani, nikakubali advansi ya asilimia 30, nikasaini. Haraka kuliko nilivyozoea. Huenda maboksi yale yalikuwa ndani ya hesabu yake tangu asubuhi. Nilipompigia mdogo wangu dukani kumweleza, akaniuliza jambo moja tu: "Dada, umelishwa nini?"

Sasa ni saa nne usiku, niko hotelini napanga sampuli. Simu imelia, ni yule mama wa kiwanda, kwenye WeChat. Kanitumia picha ya kopo la kinywaji cha nazi, na chini yake Kiingereza cha kutafsiriwa na simu: hii inafaa?

Nimemjibu haifai, hiyo ina sukari. Atafute nazi kavu, aikune.