Kuwasha flashi iliyo mbali na kamera, chumbani Mji Mkongwe

Kuta za chokaa za Mji Mkongwe ni neema kwa picha za watu. Elekeza flashi ukutani, mwanga unarudi laini, wala mwavuli wa kulainisha mwanga hauhitajiki. Ila ukuta uwe mweupe. Wa kijani hupaka uso rangi yake.

Triga ya redio, yaani kifaa cha kuiamuru flashi iwake, ndiyo ya kununua: moja juu ya kamera, nyingine chini ya flashi, zote chaneli moja. Triga inayowasha flashi kwa kufuata mwanga wa flashi nyingine huzidiwa na jua la barazani. Tena flashi ya kamera ikiwa kwenye TTL (kamera inajipimia yenyewe nguvu ya flashi), ile ya mbali hulipuka mapema kwa ule mmweko wa kupimia, kwa hiyo nguvu ya flashi ya kamera ipangwe kwa mkono.

Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, uwazi wa lenzi f/4, shata sekunde 1/160, nguvu ya flashi 1/4. Ukanda mweusi ukitokea pichani, shata ina kasi mno: kamera nyingi hukomea 1/200 au 1/250. Uso ukiwa mweupe kupita kiasi, punguza nguvu, usiguse shata. Shata hubadilisha mwanga wa dirishani tu.

Flashi isipowaka kabisa, tazama betri, halafu ncha za chuma chini yake. Hewa ya chumvi huziharibu upesi. Zifute kwa kitambaa kikavu.