Gunia Moja kutoka Katwe

Nina duka dogo Walukuba, Jinja. Nauza saruji, misumari, chokaa, na chumvi ya mawe kwa wafugaji. Chumvi hiyo nilikuwa nainunua kwa mtu wa tatu au wa nne, kila mmoja akiwa ameshakata chake. Mwezi wa pili, jua likiwa limekaza, nikasema acha niende mwenyewe inakotoka. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye ameizoea njia ya magharibi tangu nikiwa shule ya msingi, alikuwa anapeleka sukari Kasese na lori lingerudi tupu. Kichwani hesabu ilinoga.

Tulilala Fort Portal. Asubuhi tukateremka kusini, Rwenzori mkono wa kulia ikiwa imejifunika mawingu kama kawaida yake. Hima, penye kiwanda cha saruji, tuliitambua kwa malori yaliyojipanga. Mimi nimeuza saruji miaka yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini kiwanda kipo huko mbali badala ya Kampala. Mzee akanicheka. Mawe ya chokaa yako pale pale, mengine yanatoka Dura, na majivu ya volkeno ya kuchanganyia yanachimbwa pande za Fort Portal. Jiwe la chokaa ni zito na bei yake ndogo. Ukilibeba mbali likiwa jiwe, nauli inakula kila kitu, kwa hiyo wanalichomea hapo hapo.

Kasese yenyewe ilinigusa kwa sababu nyingine. Mjomba wangu alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyushia shaba pale kwetu Jinja, na shaba hiyo ilitoka Kilembe, juu kidogo ya mji huu. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake, na umeme wa bwawa la Owen Falls ndio uliofanya iyeyushwe Jinja. Mapema miaka ya 1980 migodi ilikuwa imesimama. Baadaye, kuanzia 1999, watu walirudia yale mabaki yaliyokuwa yamelundikwa Kasese wakatoa metali ya kobalti, wakitumia bakteria kuyameng'enya. Mjomba hakuishi kuyasikia hayo. Angesema ni uchawi.

Muhokya tulisimama kwa chai, na mimi nikaenda kuangalia tanuru za chokaa. Mawe hupangwa na kuni, yakachomwa siku kadhaa, kisha yanapoa. Kijana mmoja alichukua jiwe lililoiva, jeupe, jepesi kuliko linavyoonekana, akalimwagia maji kwa kikombe. Likanyamaza kidogo, likaanza kufoka mvuke, likapasuka, na mbele yangu pakabaki unga. Nimeuza unga huo miaka mingi bila kujua kwamba unazaliwa kwa kelele. Nilimuuliza faida ikoje. "Mzee, faida yote iko kwa mwenye kuni," akajibu.

Karibu na Ikweta tukaacha barabara kuu tukashika ya Katwe, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Ziwa la chumvi limelala katika tundu la volkeno, na harufu ilitupokea kabla ya maji, kama yai lililokaa sana. Chemchemi huleta maji yaliyopita kwenye miamba, hayana pa kutokea, jua linayanywa, chumvi inabaki. Watu waliipigania tangu zamani. Falme za Bunyoro na Toro ziliitaka, na mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akaja kujenga ngome hapo.

Kando ya ziwa pamekatwa vidimbwi vidogo vidogo, vimetenganishwa kwa matope na nguzo, kila kimoja kina mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi alinisemesha Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo. "Karibu, baba. Usikanyage kwenye ukingo, utanivunjia." Alipitisha mkono juu ya maji na utando mweupe ukakunjika kama ngozi ya maziwa. Hiyo ndiyo ya kula. Mvua ikinyesha wiki moja, alisema, kazi ya mwezi inayeyuka na hakuna wa kumdai.

Ile niliyoifuata mimi hutoka katikati. Wanaume husimama ndani ya maji mazito, wakipiga sakafu ya ziwa kwa mitaimbo, wanapakia vipande kwenye chelezo na kuvisukuma ufukweni. Wengine huvaa kondomu kujikinga na maji hayo, wakalisema hilo bila haya hata kidogo. Mimi nilikuwa na mkwaruzo mdogo wa kidole, niliupata nikifunga turubai. Nikachovya mkono. Nilitamka neno ambalo sitaliandika hapa, na yule mama akageuka upande wa pili ili acheke vizuri.

Juu ya ukingo kuna kiwanda. Wahandisi wa Kijerumani walikijenga ili chumvi itoke kwa mashine, lakini maji yale yale yakala mabomba na kazi ikafa mapema. Nilibonyeza ukingo wa bati moja kwa kidole kizima. Ukabaki mkononi, mwepesi kama kababu iliyoungua. Chini yake mitaimbo ilikuwa inaendelea kulia.

Bei ya gunia ilikuwa nzuri kweli. Tatizo lilikuwa mzee: kumbe alikuwa ameshapata ndizi za kurudi nazo Kampala, na mwenye ndizi analipa kuliko mimi. Chumvi ingebidi ilipe nauli ya ndizi! Tulibishana kwa heshima, mimi nikiwa mdogo, na nikashindwa kwa heshima pia. Nikapewa nafasi ya gunia moja, nyuma kabisa.

Tulipofika Mubende alisimamisha lori ghafla, akashuka na tochi. Gunia lilikuwa limetoka jasho usiku kucha, na maji yake yalikuwa yametambaa kwenye chuma cha bodi mpaka kwenye bawaba za mlango. Akachukua dumu la maji, akaanza kusuuza.

"Mwanangu," akasema, akisugua bawaba kwa kitambaa, "lishushe hili gunia, ulipakate."

Nikalipakata mpaka Jinja.