Dakika 9

Jumamosi ya wiki iliyopita, saa nne usiku, ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi wa timu ya mpira ya watoto ninayoifundisha: "Mwalimu, mwanangu kacheza dakika 9. Nimezihesabu." Badala ya kulala nikajibu: "Kazi hii naifanya bure. Asiyeridhika atafute timu nyingine." Wazazi wawili wakaniwekea dole gumba. Nikajiona mshindi.

Jumapili kutwa lile "bure" lilinikaa kooni. Ni kweli silipwi. Koni nimenunua mwenyewe, vizibao vya mazoezi vinafuliwa nyumbani kwangu. Lakini nikikumbuka vizuri, neno hilo nimeshawazibia wazazi wengi midomo. Nani atamhoji mtu anayejitolea?

Jumatatu nikitoka kazini nikamfuata yule mzazi wa dakika 9 gengeni kwake. Nimwite Baba Saba, kwa namba ya jezi ya mwanawe. Hapa Mbagala mtoto akishajua kupiga danadana mbili tatu, mzazi anaanza kumwona Samatta, na siwalaumu, maana Samatta katokea mitaa hii hii hadi Ulaya. Nikadhani na huyu ni yale yale. Nikanunua fungu la nyanya nisilolihitaji, nikamwomba radhi kwa maneno ya ule usiku. Hakujibu. Aliendelea kupanga nyanya, zilizonona juu, zilizobonyea chini. Kisha, bila kuninyanyulia macho: "Mwalimu, Jumamosi asubuhi ndiyo mauzo yenyewe. Mimi nafunga genge nije kumwangalia."

Hilo sikuwa nalijua.

Nikatoa daftari langu nimwonyeshe kwamba sina upendeleo. Mechi zetu ni dakika 50. Kidole chake chenye udongo wa viazi kikashuka mstari kwa mstari kwenye jina la mwanawe: 12, 9, 0, 9. Mazoezini mtoto hakukosa hata siku moja. Mwandiko ni wangu, wino wangu, na nilikuwa sijawahi kuzisoma hizo namba zikiwa zimefuatana.

Tulikubaliana palepale, huku akihudumia wateja. Anayehudhuria mazoezi atacheza walau kipindi kimoja. Yeye ataacha kusimama nyuma ya goli akitoa maelekezo, kwa kuwa mtoto alikuwa na makocha wawili, mmoja anasema panda, mwingine anasema rudi. Na mwenye lalamiko asubiri hadi Jumatatu, aje tuonane uso kwa uso. Usiku nikaandika radhi ya pili kundini, kwa kuwa nilimvunjia heshima hapo. Hiyo ilinitoa jasho kuliko ya gengeni. Dole gumba hata moja sikuona.

Jana tumefungwa 3–1. Namba saba kacheza kipindi chote cha pili, na goli la tatu limeanzia kwake: kateleza, kapokonywa mpira. Nikageuka kumtafuta baba yake. Alikuwa pembeni ya uwanja, mikono mfukoni. Akafungua mdomo, akaniona, akaufunga.

Mechi ilipoisha alinipita akikimbilia kufungua genge.

"Jumatatu, mwalimu," akasema.