Kitufe cha "Sawa" kimezama!

Leo jioni, kibarazani Ngamiani, Tanga.

Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja), RAM MB 512, skrini ya inchi 3.5, pikseli 480 kwa 320. Eneo-kazi (desktop) zito hapo ni kuitesa tu, kwa hiyo ni Openbox peke yake, programu nyepesi ya kusimamia madirisha.

Ikawaka vizuri. Dirisha la mipangilio likafunguka refu kuliko skrini, kitufe cha "Sawa" kikazama chini!

Dawa: shikilia Alt, buruta dirisha juu kwa kipanya. Likigoma ukingoni, sukuma zaidi, litapita.

Kisha ikaanza kusuasua. Amri ya kukagua umeme, vcgencmd get_throttled, ikajibu 0x50005: yaani umeme hautoshi. Kumbe waya wa pawabenki ni mwembamba mno.

Kivinjari? Tabo moja, basi.

Wenzangu, nyie mnatumia kivinjari kipi?