Hedi ya besi, boksi na waya: angalia omu kabla hujaongeza wati

Msimu wa korosho ukifunguliwa huku kusini, kuanzia mwezi wa kumi hivi, hela inaanza kuzunguka na shughuli zinafuatana, leo harusi Tandahimba, kesho sendofu Masasi, keshokutwa kwaya ina tamasha, na ndo kipindi ambacho kila bendi na kila kwaya inataka kuongeza mitambo. Mi ni mtu wa gita la besi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "kaka, tumechukua hedi ya wati 500 Kariakoo, mbona besi haisikiki?" Hedi ndo amplifaya yenyewe, boksi ndo lenye spika. Nikiuliza boksi lenu lina omu ngapi, kimya. Nikiuliza mmeunga na waya gani, naambiwa waya wa kawaida tu. Basi naandika yote hapa kwa pamoja maana roho inaniuma kuona watu wamechanga hela ya jasho, wananunua kitu cha maana, afu kinatoa nusu ya uwezo wake au kinaungua kabla hata ya Krismasi.

Geuza hedi yako uangalie nyuma pale kwenye tundu la spika. Haijaandikwa wati 500 peke yake, imeandikwa wati 500 kwa omu 4. Hiyo omu 4 ndo habari yenyewe. Omu ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme kupita, namba ikiwa kubwa umeme unapita kidogo, ikiwa ndogo unapita mwingi. Sasa maboksi mengi ya besi yanayouzwa mojamoja ni ya omu 8, kwahiyo ukichomeka boksi moja la omu 8 kwenye hedi hiyo hupati 500, unapata 300 hivi au pungufu kidogo. Hedi ni nzima na muuzaji hajakudanganya, ndo inavyofanya kazi. Ukileta boksi la pili la omu 8 ukaliunga, matundu ya nyuma ya hedi karibu zote yanaunga kwa sambamba, yaani umeme unapata njia mbili kwa mpigo, kwahiyo 8 na 8 zinakuwa 4 na hapo ndo hedi inatoa wati zake zote.

Ila tusidanganyane kuhusu wati. Kutoka 300 kwenda 500 ni ongezeko la desibeli 2 na kidogo tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linasikia tofauti lakini sio ya kushtua. Ili mtu wa kawaida aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Kinachofanya boksi la pili lisikike sana ni kwamba umeongeza na spika zenyewe, eneo la koni linalosukuma hewa limekuwa mara mbili, na besi ni hewa. Uzi wa E wa chini unapiga kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ukiwa na gita la nyuzi tano ile B inashuka mpaka 31, hapo spika inatakiwa isukume hewa nyingi sana. Ndo maana mi nikiulizwa ninunue hedi kubwa au niongeze boksi, karibu mara zote nasema ongeza boksi. Na ukienda dukani angalia namba ya desibeli kwa wati moja kwa mita moja, boksi lenye 100 dhidi ya boksi lenye 97 ni sawasawa na umeongeza wati mara mbili bila kununua hedi nyingine. Watu wengi hawaiangalii kabisa hiyo namba, wanaangalia kibandiko cha "wati 2000" mbele ya boksi ambacho mara nyingi ni kile kilele cha muda mfupi sana, sio wati ambazo spika inabeba usiku kucha. Tafuta iliyoandikwa RMS, hiyo iwe karibu na kile ambacho hedi yako inatoa kwa omu za boksi hilo, ikizidi kidogo ni vizuri zaidi.

Sasa upande wa pili ambao ndo unaunguza vitu. Niliitwa usiku kwenye ukumbi mmoja hapa Mtwara mjini, bendi inapiga, kila sebene ikikolea hedi inazima, inapumzika kidogo inarudi, wao wanasema umeme unayumba. Nikazunguka nyuma nikakuta maboksi matatu yamefuatana, waya umetoka kwenye hedi umeingia boksi la kwanza, ukatoka ukaingia la pili, ukatoka ukaingia la tatu. Mawili ya omu 8, moja la omu 4 wameazima. Kuunga hivo nako ni sambamba. Piga hesabu: 8 na 8 ni 4, 4 na 4 ni 2. Hedi yao imeandikwa mwisho omu 4. Ilikuwa inajilinda yenyewe, na shukrani kwa waliotengeneza maana zingine hazina huo ulinzi, zinaungua moja kwa moja. Nikachomoa lile la kuazima, hedi ikapiga mpaka watu wanaondoka. Na kingine nilichokikuta pale, kutoka hedi kwenda boksi la kwanza waliunga kwa waya wa gita. Niliushika karibu na jeki, una joto kabisa.

Hapo kwenye waya nataka nikae kidogo maana ndo pana makosa mengi. Waya wa gita na waya wa spika vinaweza kuwa na jeki ileile, ile ya inchi robo, kwa macho huwezi kutofautisha, lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa gita una uzi mmoja mwembamba katikati na wavu wa waya umeuzunguka kuzuia kelele, kwasababu mawimbi ya gita ni madogo sana na yanadaka kelele kirahisi. Wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana, hauna wavu, kwasababu kinachopita pale ni umeme mwingi haswa. Ukipitisha umeme wa spika kwenye uzi ule mwembamba unapata moto, plastiki ya ndani inalainika, uzi unagusana na wavu, na hiyo ni shoti kwenye hedi. Kwa hedi za valvu, zile za zamani zenye vioo kama balbu ndani, ni hatari kwa namna nyingine, waya ukikatika katikati ya nyimbo hedi inabaki haina mzigo, yaani haina spika, na transfoma yake ya kupeleka umeme kwenye spika inaweza kufa. Hedi ya valvu usiiwashe kamwe bila boksi, na omu lazima zilingane na tundu ulilochagua. Huku kwetu hazipo nyingi, zile kubwa kama Ampeg SVT iliyotoka Marekani mwaka 1969 na wati zake 300 zilikuwa karibu kilo 40 hedi peke yake, fikiria kuibeba mpaka Newala. Nyingi tunazotumia saivi ni hizi ndogo za klasi D, aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, za kilo mbili tatu, unaweka kwenye begi la mgongoni unapanda bodaboda.

Waya wa spika sio lazima uwe wa bei kubwa. Hii naisema kwa msisitizo kwasababu kuna watu wanauziwa waya wa laki na zaidi kwa maelezo matamu. Unachotaka ni shaba halisi, unene wa kutosha na urefu mfupi, basi. Hesabu yake ni hii: waya wa mm 0.75 (ni mm za mraba, eneo la shaba ukiukata waya) wenye urefu wa mita 10, umeme unaenda na kurudi kwahiyo ni mita 20 za shaba, hapo una karibu nusu omu njiani. Kwa mzigo wa omu 4 umepoteza karibu wati moja kwa kila wati tano, hazifiki kwenye spika. Chukua mm 2.5 urefu uleule, upotevu haufiki wati saba kwenye mia, na sikio halisikii hiyo. Ukiwa na hedi juu ya boksi na waya wa mita moja na nusu hata mm 1.5 inatosha kabisa. Kwahiyo hedi ikae karibu na boksi, na kama fundi mitambo anataka besi kwenye miksa yake mpe kupitia DI, yaani tundu au kiboksi cha kupeleka mawimbi ya gita kwenye miksa, ule ndo waya unaotakiwa kwenda mbali.

Mm 2.5 unaipata duka lolote la vifaa vya umeme pale sokoni, wanakata kwa mita. Usichukue ule mgumu wa kupitisha ukutani wenye uzi mmoja mnene, ukiukunja kila wikiendi unakatikia ndani na hutaona. Omba waya laini wenye nyuzi nyingi. Afu kabla hujalipa, omba wamenye ncha kidogo, chukua kisu kwaruza uzi mmoja. Ukibaki mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukitoa rangi nyeupe ya fedha mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu (shaba nyingine zinapakwa bati kwa nje, hizo ukiendelea kukwaruza utafika kwenye wekundu), bei yake chini lakini inapitisha umeme vibaya, ukilazimika kuutumia chukua mnene zaidi, na pale ncha ilipokatwa risasi haishiki vizuri. Nyepesi mkononi pia, ukizoea unaijua hata kwa kuipima mkononi.

Kwenye ncha mi nashauri Speakon kama hedi na boksi lako vina matundu yake. Hii ni ya kampuni ya Neutrik, unachomeka unazungusha inajifunga, mtu akijikwaa stejini haichomoki, na haiwezi kupiga shoti wakati unachomeka kama jeki inavyoweza. Kwa boksi la kawaida unatumia 1+ na 1-, hakikisha ncha zote mbili umefunga hivohivo. Kingine ambacho watu wa pwani tunakijua, chumvi. Vyuma vyetu huku vinaota kutu haraka, jeki ikikaa Mikindani karibu na bahari miezi kadhaa inakuwa na ukungu wa kijani, sauti inakatakata na watu wanalaumu hedi. Speakon viunganisho vyake vimejificha ndani kwahiyo vinastahimili zaidi. Za jeki zifute kwa kitambaa na spiriti mara kwa mara.

Na kwa wenye hedi za klasi D, ule upande wa hasi wa spika usiuguse kwenye bodi ya chuma wala usiuunganishe na hasi ya amplifaya nyingine. Hedi nyingi za aina hiyo pande zote mbili zina umeme, hasi sio ardhi.

Maboksi yaliyotengenezwa na mafundi wetu seremala, na wapo wazuri sana Mtwara na Lindi, wengine wanatumia plaiwudi ya mm 18 boksi linadumu kuliko yale ya mbao za kusagwa ambazo unyevu wa huku unazivimbisha, tatizo lake ni kwamba halina kibandiko. Usikisie. Chomoa kila kitu, chukua mita iweke kwenye omu, gusa ncha mbili za tundu. Ikisoma kama 5.5 mpaka 6.5 hilo ni la omu 8, ikisoma 3 mpaka 3.5 ni la omu 4, mita inasoma chini kidogo siku zote ndo kawaida yake. Afu chukua betri ndogo ya 1.5, chanya kwa chanya, gusa kidogo tu, koni inatakiwa itoke nje. Ikirudi ndani waya zimegeuzwa. Ukiwa na maboksi mawili moja linasukuma nje wakati lingine linavuta ndani, besi zinauana katikati na ukumbi mzima unasikia gita jembamba, hata uwe na wati elfu.

Kuna kwaya moja hapa mjini niliishauri juzi, walikuwa na bajeti ya hedi ya wati 800. Nimewaambia wachukue ya 500 inayokubali omu 4, boksi moja la spika mbili za inchi 10 la omu 8, na nyaya mbili za mm 2.5 zenye Speakon, afu msimu ujao waongeze boksi la pili linalofanana na la kwanza kila kitu. Wamekubali, nitawafungia mwenyewe vitakapofika na basi. Kama na we una boksi lisilo na kibandiko na upo Mtwara au Lindi niandikie hapo chini, andika mita imesoma ngapi na nyuma ya hedi pameandikwa nini, nitakujibu.