Mchanga wa mbele ya ukuta ndo unaamua maji yavuke au yasivuke

Bamvua ya juzi (yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) ilinikuta Ocean Road, Dar (najua siku hizi ni Barack Obama Drive ila mdomo umeshazoea), nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenye ukuta wa kuzuia bahari, wimbi likapiga chini pale, kimya kidogo, afu maji yakaruka wima na kutua kwenye lami pamoja na mchanga na mwani. Nikalowa chapachapa. Mzee mmoja wa Feri akaniambia, "Mwanangu, hapo usisimame, maji yamejaa na kaskazi bado imeshika." Yaani mzee kamaliza kwa sentensi moja kitu ambacho sisi wa hesabu za kuta za bahari tunakipigia hesabu siku nzima.

Maana hesabu yenyewe inaanza na vitu viwili hivyo hivyo: wimbi lina urefu gani (hapo ndo upepo kama kaskazi unapoingia), na kutoka usawa wa maji hadi juu ya ukuta imebaki nafasi kiasi gani. Chukua ukuta wima wenye kina kirefu mbele yake, wimbi la mita 1. Nafasi ikiwa mita 1.5, fomula ya EurOtop, ule mwongozo wanaoutumia Ulaya, inakupa karibu lita 1 ya maji yanayovuka kwa sekunde kwa kila mita ya ukuta. Nafasi ikiwa mita 1, lita 7. Ikibaki nusu mita, lita 43! Ukuta ni ule ule, bahari tu ndo imepanda. Na huo ni wastani, wimbi moja kubwa linaweza kumwaga mzigo mzima kwa mkupuo, na hilo ndo linamwangusha mtu.

Sasa kwetu bamvua inapandisha maji zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na jedwali la maji kujaa na kupwa linatoka mwaka mzima kabla, kwa hiyo nusu ya jibu tunayo tayari, bamvua kubwa za Machi na Septemba hazimshtui mtu. Upepo ndo unajulikana siku chache tu kabla.

Kinachoniuma ni mchanga. Wimbi huvunjika urefu wake ukikaribia kina cha maji, kwa hiyo ufukwe ukiwa juu mawimbi makubwa yanafia mbali, lakini mchanga ukiondoka kina kinaongezeka na wimbi linafika ukutani likiwa na nguvu zake zote, afu linazidi kuchimba hapo hapo chini ya msingi. Kule Dawlish, Uingereza, Februari 2014 bahari ilibomoa ukuta reli ikabaki inaning'inia hewani, treni zikasimama miezi miwili. Ukuta mpya wameuinua zaidi na juu wameupinda kuelekea baharini ili urudishe maji. Vizuri sana, ila hata huo unahitaji mtu wa kuangalia ufukwe wake.

Nimeanza kupiga picha jiwe moja la ukuta kila maji yakipwa, nione mchanga unaligusa wapi. Mwenye picha za zamani za pale, hata za harusi, naomba anitumie.